Hakuna Pafyumu ya "Mwanamke Kama Wewe"

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa ndio umeingia tu, nilipitia duka la pafyumu kwenye mall moja hapa Nairobi. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka chupa moja ndogo ya kujinunulia mwenyewe, baada ya mwaka mzima wa kununulia watu wengine vitu. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, ndevu zimechongwa vizuri, na kabla sijagusa chochote akaniuliza:

"Siste, wewe ni mwanamke wa aina gani?"

Nikadhani ananitania. Nikamjibu, "Wa aina ya mwenye elfu nne."

Hakucheka. Akapanga chupa tatu kwenye kioo. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya waridi. "Hii ni ya msichana mpole, ametulia, wa kupelekwa kwa wazazi." Ya pili ilikuwa ya dhahabu. "Hii ni ya mwanamke bosi, anajua anachotaka." Ya tatu ilikuwa nyeusi, na hapo akashusha sauti. "Hii sasa ni ya usiku. Ya yule dem hatari."

Akaniangalia kutoka juu hadi chini: buibui, raba nyeupe, begi la laptop mgongoni. Akaisukuma ile ya kwanza mbele yangu. "Hii ndio wewe kabisa."

Nikaomba ninuse ya tatu. Akasita kidogo, kisha akapulizia kijikaratasi na kunipa. Nikanusa. Nikanusa tena. Wueh! Ilikuwa udi. Sisemi udi wenyewe, ule wa gome na moshi. Huu ulikuwa udi wa maabara, umelainishwa na kutiwa sukari. Lakini ni udi. Ni harufu ya nyumba yetu Mombasa kila Alhamisi jioni, chetezo kikizungushwa chumba hadi chumba. Ni harufu ya leso za kuswalia za nyanya yangu.

Kumbe nyanya yangu, mama wa watoto saba, aliyelala saa tatu usiku na kuamka kabla ya adhana ya alfajiri, alikuwa dem hatari miaka yote hiyo. Maskini hakuna aliyemwambia.

Nilitoka bila kununua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma zile orodha zinazozunguka mitandaoni: pafyumu tano za mwanamke anayejiamini, pafyumu ya mwanamke wa mapenzi, pafyumu ya mwanamke wa siri, nambie unanukia nini nikwambie wewe ni nani. Nimezisoma nyingi kuliko inavyofaa afya yangu. Na nimefikia uamuzi ambao nitausema bila kuzunguka: hakuna pafyumu inayofaa haiba fulani ya mwanamke. Hakuna. Haiba iliyoandikwa kwenye boksi ni bidhaa ya pili unayouziwa juu ya ile ya kwanza, na hiyo ya pili ndiyo ghali.

*

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyotengenezwa, kwa sababu wengi wetu tunadhani kuna fundi mahali fulani Ufaransa aliyemwona mwanamke wa ajabu akipita, akaenda nyumbani akamtungia harufu.

Haiendi hivyo. Kampuni chache, kama Chanel na Guerlain, zina watungaji wao wa ndani. Nyingi nyingine hazina. Zinaandika maelezo: tunataka harufu ya mwanamke wa umri huu, anaishi mji mkubwa, anapenda hiki, anaogopa kile, na bei isizidi hapa. Maelezo hayo yanapelekwa kwa kampuni kubwa zinazotunga harufu, kama vile Givaudan, dsm-firmenich, IFF na Symrise. Watungaji wa huko wanashindana, sampuli zinapelekwa na kurudishwa mara nyingi, mmoja anashinda. Kwa hivyo mwanamke wa kwenye tangazo aliandikwa kabla harufu haijakuwapo. Hakutoka ndani ya chupa. Chupa ndiyo iliyomfuata yeye.

Na kampuni hizo hizo ndizo zinazotunga harufu ya sabuni ya unga, ya shampuu na ya dawa ya kusugulia choo. Silisemi hili kwa dharau. Kutungia sabuni harufu ni kazi ngumu na ya heshima. Nalisema ili ujue kwamba ile "roho ya mwanamke asiyetabirika" inatoka jengo moja na "usafi wa mlima wenye limau".

Mfano mmoja. Alberto Morillas ni kati ya watungaji maarufu zaidi wanaoishi. Alishiriki kutunga CK One ya mwaka 1994, ambayo iliuzwa kwa wanaume na wanawake pamoja. Alishiriki kutunga Acqua di Giò ya mwaka 1996, mwanaume na bahari na mawe. Mwaka 2000 akatunga Flower ya Kenzo, mwanamke na ua jekundu la popi, ua ambalo ukilinusa halina harufu ya maana. Mtu mmoja, pua moja. Je, yeye ni mwanaume wa bahari au mwanamke wa maua? Ni mfanyakazi hodari anayepewa maelezo na kuyatimiza. Chupa ikishafika kwa fundi wa matangazo ndipo sisi tunaambiwa tuchague upande.

*

Sasa tazama wanawake walioandikwa.

Mwaka 1973 Revlon walileta Charlie. Kama ulikulia Kenya na mama yako alikuwa na kazi ya mshahara, huenda ulikutana na kopo lake mezani pake. Tangazo lilikuwa la mwanamke aliyevaa suruali, anatembea hatua ndefu, hana wasiwasi na mtu. Ni mwanamke huru mwenye pesa zake. Vizuri sana. Ila jina Charlie linatokana na Charles Revson, mwanzilishi na mkubwa wa kampuni. Yaani mwanamke anayejitegemea alipewa jina la bosi. Ukiona mahali pengine mzaha mkavu kama huo, niite.

Mwaka 1977 Yves Saint Laurent wakatoa Opium. Mwanamke wa Opium alikuwa amelewa mapenzi, amejilaza katika Mashariki ya kufikirika. Wamarekani wenye asili ya Uchina waliandamana, na walikuwa na haki, kwa sababu afyuni kwao haikuwa ndoto ya mtu tajiri wa Paris. Ilikuwa vita na familia zilizovunjika. Mwaka 1985 Dior wakaleta Poison, yaani sumu. Mwaka 2016 Carolina Herrera wakatoa Good Girl, msichana mwema, lakini ndani ya chupa ya umbo la kiatu cha kisigino kirefu, ili ujue kwamba wema wake una mwisho saa fulani.

Ukiziweka chupa zote hizi kwenye mstari utaona kwamba rafu ni mbili tu: mwema na hatari. Mchana na usiku. Wa kupelekwa kwa mama na wa kufichwa. Rafu hizo hazikuvumbuliwa na wauza pafyumu. Zilikuwepo kwenye vinywa vya wajomba na majirani, na kwenye mitandao ya leo ambako mwanamke akionekana na kinywaji anahukumiwa kabla hajakimeza. Pafyumu ilichukua tu hukumu ile ile ya zamani, ikaitia kwenye kioo kizuri, ikaibandika bei. Na sisi tukajipanga foleni kujihukumu wenyewe, tena kwa pesa zetu.

Na udi je? Uliingiaje rafu ya hatari? Udi ni mti wa Asia. Mti ukijeruhiwa na kuvamiwa na kuvu, unatoa utomvu wa kujikinga, na mbao ile iliyolowa utomvu ndiyo inayochomwa. Ulifika kwetu kwa majahazi, kwa biashara ya Bahari ya Hindi, karne nyingi kabla ya mall yoyote. Watu wa Ghuba, wa Lamu, wa Unguja na wa Mombasa wameutumia kwa ibada, kwa harusi, kwa wageni na kwa kabati la nguo. Kampuni za Ulaya zilianza kuuchangamkia sana miaka ya 2000, baada ya M7 ya Yves Saint Laurent ya mwaka 2002, na walipouchukua waliuchukua bila sisi. Wakauweka kwenye chupa nyeusi pamoja na maneno siri, giza, tamaa, Mashariki. Kwa muda mrefu biashara hiyo iliziita harufu za aina hii "oriental", na mwaka 2021 ndipo Michael Edwards, ambaye mpangilio wake wa manukato unafuatwa na wengi, alipoliacha neno hilo akatumia "amber".

Kwa hivyo kijana yule wa mall hakuwa mjinga. Alifundishwa. Alifundishwa kuniambia kwamba harufu ya nyumbani kwetu hainifai.

*

Ningeweza kuicheka hadithi hii na kuiacha hapo, kama isingekuwa mara ya pili.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeajiriwa kazi yangu ya kwanza Nairobi, ofisi moja ya vijana wengi na kahawa ya bure. Nilikuwa nafukiza nguo zangu Jumapili usiku, kama tulivyofanya nyumbani. Mwezi wa pili mkubwa wangu akaniita pembeni, kwa upole kabisa, akasema, "Usinielewe vibaya, lakini watu wanasema harufu yako ni nzito. Jaribu kitu fresh. Kitu professional."

Professional! Meza iliyonifuata alikaa dada mmoja aliyekuwa akipaka pafyumu tamu ya vanila na karameli mpaka lifti inamkumbuka saa nzima baada ya yeye kushuka. Hakuitwa pembeni. Yake iliitwa "expensive". Yangu iliitwa nzito.

Nataka kuwa mkweli hapa. Kuna watu wenye pumu, kuna watu ambao kichwa kinawauma, na hewa ya ofisi ni ya watu wote. Kama mtu angeniambia, "Punguza kidogo, kifua changu hakiwezi," ningepunguza siku hiyo hiyo na kumwomba radhi. Hayo ni mambo ya kipimo. Lakini neno professional halizungumzii kipimo. Linazungumzia aina ya mtu. Linasema kuna harufu za watu wa kazi na harufu za watu wa kwingine.

Nikanyamaza. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, ningesema nini? Nikanunua body mist ya tikiti maji, na kwa miaka miwili sikuchoma udi. Niliporudi Mombasa likizo, nyanya alinikumbatia mlangoni, akavuta pumzi, akaniachia, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "mbona hunukii kwenu?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Nilichokuwa nimepoteza ni kitu kidogo, si kazi wala uhai, na bado nikakaa chooni nikalia kama mtoto.

*

Babu alifariki mwaka uliofuata. Nyanya akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Wanaojua wanajua: mjane akiwa edani hajipambi, hatii wanja wala hina, hatumii manukato. Chetezo chake kilifutwa majivu kikawekwa juu ya kabati. Wanawake waliokuja kumpa pole walijua wasije na manukato makali. Chumba kilinuka sabuni ya mche na chai ya tangawizi, basi.

Sasa nikuulize wewe unayeamini kwamba pafyumu ni haiba. Kwa miezi ile minne na siku kumi, haiba ya nyanya yangu ilikuwa wapi? Iliwekwa kabatini pamoja na chetezo? Mbona alikuwa yule yule, anakemea wajukuu, anajua bei ya samaki bila kutoka nje, anasahihisha kisomo cha imamu wa redioni?

Siku alipotoka edani, shangazi alimwogesha, wakamvisha leso mpya, wakamfukiza kwa udi wa kupika, ule wa sukari na marashi na zafarani, wakamtia asumini kwenye nywele zilizobaki. Nyumba nzima ikanuka. Majirani walijua bila kuambiwa. Harufu haikutangaza yeye ni mwanamke wa aina gani. Ilitangaza saa ni ngapi katika maisha yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikulia ndani yake bila kukiona. Kwetu harufu hupangwa kwa tukio na kwa watu waliopo. Singo ni ya bi harusi. Asumini huchumwa vitumba alasiri, ikapasuka usiku, kwa hivyo ni ya usiku kwa sababu ya ua lenyewe na si kwa sababu ya tabia ya aliyelivaa. Vikuba ni vya sherehe. Marashi ya mawaridi hunyunyizwa kwa mrashi juu ya wageni wa maulidi, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, bila kuuliza nani ni mpole na nani ni bosi. Udi ni wa nguo, wa mgeni, wa usiku wa Ijumaa. Mwanamke mmoja hupita katika zote hizi ndani ya mwaka mmoja na hakuna anayedai amebadilika kuwa watu sita.

Usinielewe kwamba Pwani ni pepo. Sisi pia tuna askari wetu wa pua. Kuna wanaohesabu kila tone la manukato la mwanamke anayetoka nje, na wanaume wao wakipita wamejimwagia chupa nzima hakuna anayehesabu. Kuna shangazi anayeweza kukunusa na kukupangia mume au kukunyima. Hayo pia ni ya kupingwa, na nayapinga. Lakini angalau mtu anayeniambia "usitoke na manukato" ananikataza kitu. Yule wa mall aliniambia mimi ni nani. Wa kwanza ninaweza kumbishia. Wa pili ananifanya nimshukuru.

*

Nimewahi kuwaambia marafiki zangu haya mezani, na wana majibu yao.

La kwanza: "Lakini pafyumu hunipa ujasiri. Nikipaka ile yangu, naingia interview kama ni yangu." Naamini. Mimi pia kuna viatu ninavyovaa siku za kuogopa. Ila angalia ujasiri umetoka wapi. Pua imeunganishwa karibu sana na sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia, ndiyo maana harufu moja inaweza kukurudisha darasa la pili kabla hujajua umeinusa. Kwa hivyo unachokipata ni maisha yako mwenyewe yakirudi. Ulivaa harufu ile siku ulipofaulu, au aliivaa mtu uliyempenda. Tangazo halikukupa. Wewe ndiye uliyeitia maana, kisha kampuni ikakuuzia maana yako kwa bei ya reja reja.

Na maana hizo zinatofautiana kwa watu. Mpe Mkenya soda ya root beer ya Wamarekani, atakuambia anakunywa dawa ya kuchua misuli. Mmarekani anaona utoto na barafu na sikukuu. Harufu ya namna ile ile, ya mafuta ya wintergreen, kwao imo kwenye peremende, kwetu imo kwenye tyubu ya babu mwenye magoti. Kama watu hawakubaliani hata kama kitu ni peremende au dawa ya magoti, nani anaweza kuamua kwamba waridi ni upole na udi ni hatari?

La pili: "Wewe unachukulia mambo kwa uzito, ni burudani tu." Sawa. Burudani ni haki. Lakini chupa ya mililita 70 ya Baccarat Rouge 540, ile ambayo kila mtu anataka kunukia, inauzwa zaidi ya dola 300. Kodi ya bedsitter ya miezi mingapi hiyo? Ninamjua dada aliyenunua pafyumu kwa mkopo wa simu kwa sababu aliambiwa kwamba mwanamke wa hadhi haonekani na ya mtaani. Hakuburudika. Alilipa riba.

La tatu ni la wanaume, na huwa wanalisema wakicheka: "Mwanamke lazima anukie kama mwanamke." Anukie kama nini hasa? Waridi linavaliwa na wazee wa kanzu kuanzia Muscat mpaka Lamu. Jicky ya Guerlain, ya mwaka 1889, ina lavenda na vanila na imevaliwa na wanaume na wanawake. Molekuli hazina jinsia. Kinachotenganisha sehemu kubwa ya "for her" na "for him" ni rangi ya boksi na mahali lilipowekwa dukani. Kaka, kama unapenda ile ya maua, ichukue. Hakuna mtu atakayekupokonya kitambulisho.

*

Sasa ufanyeje na elfu zako nne? Sijaandika haya ili uache kunukia. Naomba tu uache kuulizwa swali la kijinga na kulijibu.

Usinunue kwa kijikaratasi. Pafyumu huvukiza kwa zamu: vitu vyepesi kama limau na chungwa huondoka katika nusu saa ya kwanza au pungufu, maua yanafuata, na mbao, utomvu na vanila ndivyo vinavyobaki mpaka jioni. Muuzaji anakuuzia dakika kumi za mwanzo. Wewe utaishi na saa nane za mwisho. Kwa hivyo paka kwenye mkono, toka dukani, panda matatu, toka jasho, kula chips, rudi nyumbani, nusa tena. Ukiipenda kwenye jasho, ni yako.

Soma maandishi madogo. Eau de toilette kwa kawaida ina asilimia 5 hadi 15 ya manukato, eau de parfum karibu 15 hadi 20. Ngozi iliyopakwa mafuta hushika harufu kuliko ngozi kavu. Haya ni mambo ya maana zaidi kuliko kujua kama wewe ni "romantic" au "mysterious".

Usione haya ya stoli za refill za katikati ya jiji. Wanapima kwa mililita, unachukua kidogo, unajaribu, ukichoka unabadilisha. Wale wanaokucheka hawanusi tofauti kama wanavyodai. Na kama unataka kunukia vitu vinne kwa wiki, nukia vinne. Hii habari ya "signature scent", kwamba mwanamke kamili ana harufu moja inayomtambulisha, inamfaa sana anayeuza. Sioni inakufaidi nini wewe.

Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Harufu nzuri haihitaji kukueleza wewe ni nani ili uipende. Ikianza kukueleza, angalia bei.

*

Nilirudi kununua, mwishowe. Sikurudi mall. Nilikwenda Eastleigh, kwa mama mmoja wa Kisomali mwenye kibanda kidogo chenye unsi na udi na chupa za mafuta zisizo na majina. Nilisimama pale nikinusa hiki na kile, nikingoja swali. Nilikuwa nimeshajiandaa kugombana.

Aliniangalia kwa muda, akafuta mikono kwa leso, akauliza:

"Ni ya nguo ama ya nyumba?"

"Ya nguo, mama."

"Kuna shughuli, ama ni ya kila siku?"

"Ya kila siku. Ya kazini."

Akatafakari. Akafungua kopo, akatoa vipande vitatu vya udi, akavifunga kwenye karatasi. "Basi choma kidogo tu usiku, mbali na nguo. Asubuhi itakuwa imelala. Hawatajua ni nini, lakini watauliza."

Nililipa mia sita. Jumatatu nilikwenda kazini nikinukia kwetu, na alasiri msichana mmoja wa pale, mpya, akainama kwenye meza yangu akaniuliza ni pafyumu gani hiyo.

Nikamwambia ni ya nyanya yangu.